Mama Asiachwe Peke Yake na Mazoezi Yake

Liko jambo ambalo katika nyumba nyingi za mji huu wa Dar es Salaam hujulikana na mama mwenyewe na beseni lake la kufulia, basi. Mama amejifungua salama, mtoto anyonya vizuri, ndugu wamekuja na uji na kuku, arobaini imekwisha. Lakini kila akikohoa, akicheka, au akijitwika ndoo ya maji, mkojo humponyoka. Huvaa kanga mbili na kubeba ya tatu mkobani. Hunywa maji kidogo kuliko kiu yake itakavyo. Akipanda daladala pale Africana, Mbezi Beach, kwenda kazini, huketi ukingoni mwa kiti, na barabara ikiwa na mashimo husimama. Akiulizwa habari hujibu kuwa ni nzuri.

Ndugu wasomaji, hatuandiki haya kwa kupenda kumfedhehesha mtu. Twaandika kwa sababu dawa ya taabu hiyo ipo, haiuzwi dukani, haihitaji umeme wala sindano, nayo mara nyingi haifanyi kazi kwa sababu moja tu: mgonjwa huianza akaiacha. Na akiisha kuiacha, sisi wengine, waganga na jamaa zake, tuna neno letu tayari: mvivu. Neno hilo twalikataa, na hoja zetu ni hizi.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya dawa yenyewe. Chini ya nyonga ya kila mtu, mwanamke kwa mwanamume, imetandazwa misuli mithili ya chekecheke, kuanzia mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma. Wataalamu huiita misuli ya sakafu ya nyonga. Misuli hiyo ndiyo ibebayo kibofu, mji wa mimba na utumbo wa mwisho. Ndiyo ifungayo njia ya mkojo na ya haja kubwa. Mimba huilemea, na wakati wa kuzaa hunyooshwa mno, pengine ikachanika. Umri nao huilegeza, na mizigo mizito na kikohozi cha siku nyingi huizidishia taabu. Lakini ni misuli kama ya mkono wa mpiga kasia: ikifanyishwa kazi, hupata nguvu tena.

Zoezi lenyewe ni kuikaza kana kwamba mtu azuia upepo usimtoke na kufunga mkojo kwa wakati mmoja, huku akiivuta juu ndani ya mwili. Kushikilia hesabu ya sita au nane, au hata tatu kwa aliye dhaifu. Kisha kuilegeza kabisa kwa muda ule ule. Mara nane hadi 12 kwa mkupuo mmoja, mikupuo mitatu kwa siku, kwa miezi mitatu angalau. Pumzi isizuiwe, wala mapaja na matako yasikazwe badala yake. Wala isiwe desturi kulifanya mtu akiwa chooni anakojoa, maana kukatiza mkojo kila siku hakukifai kibofu. Tena ajizoeze kukaza kabla tu ya kukohoa au kuinua ndoo, na hili peke yake humwokoa na aibu nyingi.

Matunda yake si ya kubahatisha. Jumuiya ya wataalamu iitwayo Cochrane, ambayo kazi yake ni kukusanya majaribio ya uganga na kuyapima pamoja, ilitoa mapitio yake juu ya jambo hili mwaka 2018. Katika wanawake waliokuwa wakivujwa na mkojo kwa kukohoa au kujikakamua, wale waliofundishwa mazoezi haya walisema wamepona 56 kwa kila 100. Wale ambao hawakufundishwa walisema hivyo sita tu kwa 100. Dawa ngapi za chupa zaweza kujisifu namna hiyo?

Kama ni hivyo, mbona wanawake wengi huyaacha? Tazama jinsi wanavyopewa. Mama yuko kwenye benchi pamoja na wenzake 30, mtoto mgongoni. Mwuguzi, ambaye tangu alfajiri hajapata hata chai, amwambia kwa sauti isikikayo hadi mlangoni, “Mama, uwe unakaza huko chini, mara tatu kwa siku, sawa?” Mama aitikia, “Sawa, dada,” akiwa ameinamisha uso, na jina la mwingine laitwa. Afikapo nyumbani hajui akaze nini. Hushikilia pumzi, husukuma tumbo kwa nguvu, na kumbe kusukuma huko kwaongeza ubaya. Inajulikana kwa wataalamu wa kazi hii kwamba katika wanawake watatu walioelezwa kwa maneno tu, mmoja hivi hukosea mara ya kwanza. Huyo atafanya kwa bidii juma zima, la pili, la tatu, asione nafuu yoyote. Akiacha, nani wa kumlaumu?

Hata yule afanyaye sawasawa ana shida yake. Mtu abebaye vyuma huona mkono wake ukijaa, na mkimbiaji huona pumzi zikizidi kuwa ndefu. Mama huyu haoni kitu. Zoezi halionekani, misuli haionekani, na nafuu huja baada ya majuma kadhaa, kidogo kidogo. Kumtaka mtu ashike kazi ya namna hiyo peke yake, kwa siri, kwa siku 90, huku analea, anapika na kuwahi kazini, ni kumtaka awe na subira ambayo wengi wetu wanaume hatuna hata katika kumaliza dozi ya vidonge vya siku tano.

Hapa yafaa tukumbuke kisa cha mtu ambaye mazoezi haya huitwa kwa jina lake. Daktari Arnold Kegel, mganga wa wanawake wa Los Angeles huko Marekani, aliyaeleza mwaka 1948. Watu wamelishika jina lake wakasahau desturi yake. Yeye hakumwacha mama aende na karatasi. Alitengeneza chombo kidogo chenye kipimo, ili mama akikaza aone kwa macho yake mshale ukipanda, na kesho kutwa auone umepanda zaidi. Alijua kwamba mtu huvumilia kazi ambayo aiona ikiendelea.

Chombo kama hicho si lazima katika zahanati zetu. Mkunga, faraghani na kwa idhini ya mama, aweza kuhakikisha kwa kidole kama misuli yakaza na kupanda, na mama mwenyewe aweza kujipima hivyo hivyo bafuni kwa mkono safi. Ama kipimo cha maendeleo, mama hana haja ya mashine: aandike katika kalenda ya ukutani idadi ya kanga au pedi alizobadilisha siku ile. Juma la kwanza tano, juma la sita tatu, juma la kumi moja. Kalenda hiyo itamwambia ukweli siku ambayo moyo wake wamwambia kwamba hakuna kilichobadilika.

Lakini jaribio ambalo twalipenda kuliko yote lilifanyika Norway, nalo lilitangazwa mwaka 1990 na mtaalamu Kari Bø na wenzake. Walichukua wanawake waliokuwa na taabu hii wakawagawa mafungu mawili kwa muda wa miezi sita. Wote walifundishwa vizuri, wote wakapewa mazoezi yale yale ya nyumbani, mikupuo mitatu kila siku. Tofauti ilikuwa moja: fungu la pili lilikusanyika mara moja kwa juma, dakika 45, wakafanya pamoja mbele ya mwalimu. Mwisho wa miezi sita, katika fungu la nyumbani waliosema wamekauka au karibu kukauka walikuwa 17 kwa 100. Katika fungu la kukusanyika walikuwa 60 kwa 100.

Watu wa Dar es Salaam hawahitaji kwenda Norway kujifunza hayo. Siku za Jumamosi na Jumapili, jua halijachomoza, tazama vikundi vya mbio za pole vya Temeke na Kinondoni: vijana na wazee, fulana za rangi moja, nyimbo na makofi barabarani. Watu wale wale, kila mmoja akiambiwa akimbie peke yake kwao, wangelala. Tazama upatu wa akina mama. Fedha ile ile ambayo mtu hawezi kuiweka chini ya godoro kwa juma moja, huitoa bila kukosa kwa mwaka mzima kwa sababu mwenzake yuangoja zamu yake. Na katika ardhi hii ya Wazaramo, ambako Mbezi yenyewe imo, mwali hakupewa karatasi akasome. Aliketishwa, akaonyeshwa, akaambiwa arudie mbele ya kungwi mpaka ajue. Wazee wetu hawakudhani kwamba mambo ya mwili hufundishwa kwa tangazo.

Tumeitaja Mbezi Beach makusudi. Ni mtaa wa kuta ndefu na mageti ya chuma, na kila asubuhi hupokea watu wa namna nyingine kabisa: wapishi, wayaya, wafuaji, walinzi, wanaoshuka kutoka Goba, Tegeta na Kawe. Mbele kidogo, Kunduchi Mtongani, wanawake wamepasua kokoto kwa nyundo miaka mingi, wakiinua karai kutwa. Bibi mwenye nyumba aweza kulipia mtaalamu wa mazoezi ya viungo, tena ana programu katika simu ya kumkumbusha. Mfuaji wake hana. Lakini wote wawili hupatwa na taabu ile ile, wote wawili huificha, na yamkini kila mmoja hafikirii kabisa kwamba mwenzake anayo, ingawa wako chini ya paa moja tangu saa mbili asubuhi hadi jioni. Hata programu ya simu, baada ya juma la pili, bibi huizima kama azimavyo kengele ya kumwamsha. Fedha humnunulia mwalimu. Uvumilivu hawezi kuununua.

Basi tutafanyaje, hali wataalamu wa mazoezi ya tiba ni wachache na wengi wao wako katika hospitali kubwa? Twaona jibu limekwisha kujengwa, ila halijatumiwa. Kila mama wa nchi hii huleta mtoto wake kwa chanjo akiwa na majuma 6, kisha majuma 10, kisha majuma 14. Hapana haja ya kumtafuta. Yu pale, kwenye benchi, na kadi mkononi. Mtoto hupimwa uzito, kadi huandikwa, chanjo hutolewa, na mama huambiwa aende. Mama mwenyewe haulizwi kitu. Lakini hesabu: tangu juma la 6 hadi la 14 ni miezi miwili kasoro siku chache. Mama aliyeonyeshwa zoezi katika siku za kwanza baada ya kujifungua, akahakikiwa juma la 6, akaulizwa juma la 10, akapimwa juma la 14, amekwisha kutimiza ile miezi mitatu ambayo wataalamu waitaka, na hajatoa nauli ya ziada hata senti moja.

Na uulizaji una namna yake. Ukimwuliza mama, “Unafanya mazoezi?” atajibu, “Ndiyo,” kwa adabu, na mazungumzo yamekwisha. Afadhali aulizwe, “Mama, juma hili ni kitu gani kilichokushinda?” Hapo utasikia mambo. Utasikia kwamba walala watu wanne chumba kimoja naye aona haya. Utasikia kwamba mama mkwe amemwambia hiyo ndiyo hali ya uzazi, avumilie. Utasikia kwamba husahau. La kwanza lina jibu jepesi: zoezi hili lafanyika mtu amelala, ameketi au amesimama kituoni angoja daladala, na hakuna ajuaye. La pili lataka mama mkwe aitwe kliniki siku moja, maana akishawishika yeye, nyumba nzima imeshawishika. La tatu hutibiwa kwa kulifunga zoezi katika jambo ambalo haliwezi kusahauliwa: kila mtoto anyonyapo, au baada ya kupiga mswaki, au baada ya sala, kwa Mwislamu na kwa Mkristo. Mama wa Kiislamu hasa ana sababu ya kusikilizwa hapa, kwa kuwa wengine huacha hata sala kwa kudhani udhu wao hautengemai. Masheikh wajua ruhusa ya mtu mwenye udhuru huo, nao wangefanya wema kuisema wazi.

Kwa upande wa kazi, sheria ya ajira na mahusiano kazini ya mwaka 2004 humpa mama mfanyakazi likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, na siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Tena arudipo, hupewa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Siku 84 ni majuma 12. Ni kipindi kile kile cha mazoezi haya, wala hatudhani vyama vya wafanyakazi vingevunja kitu kama katika kumpongeza mwenzao kwa mtoto vingempa pia nusu saa ya mkunga. Mfuaji na mpasua kokoto, ambao hawana mkataba, hurudi kazini mapema mno, nao ndio wabebao vizito zaidi. Mwajiri wa Mbezi Beach aweza kumpa mtumishi wake miezi mitatu bila kubeba madumu ya maji. Jambo hilo halihitaji Bunge.

Sasa tuseme juu ya wale ambao mzigo wao ni mkubwa kuliko wote. Kusini mwa Mbezi, kwenye pwani hiyo hiyo, iko Msasani, na hapo iko hospitali ya CCBRT, ambayo kwa miaka mingi imewatibu bila malipo wanawake wenye fistula ya uzazi. Hao si wa kuvujwa kwa kukohoa. Ni waliokaa katika uchungu siku mbili au tatu bila msaada, kichwa cha mtoto kikakandamiza nyama mpaka zikafa, pakawa na tundu, mkojo ukatiririka usiku na mchana. Na tuseme wazi ili asipotee mtu: tundu hilo halizibwi na mazoezi. Mwanamke ambaye mkojo wamtoka mfululizo baada ya kujifungua asikae nyumbani akikaza, aende hospitali.

Hospitali ile iligundua kwamba wanawake wengi hawaji, wala si kwa ujinga, bali kwa kukosa nauli. Basi kuanzia mwaka 2009 ilitumia M-Pesa: nauli hutumwa kwa simu kwa mtu wa karibu na mgonjwa, aitwaye balozi, naye humkatia tiketi, mgonjwa akifika, balozi hupewa ahsante yake. Waliokwisha kulaumiwa kwa kujificha wakaonekana mlangoni. Twalisimulia hilo kwa sababu ya jambo lifuatalo. Baada ya tundu kuzibwa, wako wanawake ambao bado mkojo huwaponyoka wakisimama au wakikohoa, kwa kuwa misuli na njia ya mkojo vilijeruhiwa. Hao, daktari akiisha kuwaruhusu, mazoezi haya huwafaa. Lakini mwanamke wa namna hiyo, aliyekwisha kuachwa na mume na kutengwa na kijiji, akiona kanga imelowa tena akiwa kwao, mamia ya kilomita kutoka Msasani, atafikiri nini? Atafikiri upasuaji umeshindwa, na kwamba yeye ndiye aliyelaaniwa. Hatafanya zoezi lolote. Atarudi katika kibanda cha nyuma.

Simu ile ile iliyomletea nauli yaweza kumfuata. Apigiwe baada ya majuma mawili, kisha kila mwezi, na mtu aliyemfundisha, kwa sauti aijuayo. Na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao wa kitaifa ulizinduliwa mwaka 2024, wafundishwe zoezi hili sawasawa, wapite nyumba hiyo. Mwanamke aliyepona, akiwa balozi wa mwenzake katika nauli, aweza pia kuwa balozi wake katika mazoezi. Wala hakuna mwalimu atakayeaminiwa kuliko yeye.

Wanaume nasi tusicheke. Mzee aliyekatwa tezi dume hupewa mazoezi haya haya, naye huyaacha kwa sababu hizi hizi, ila yeye huona aibu zaidi.

Ama kikundi cha Mbezi Beach, tukipime kwa gharama zake: akina mama kumi, mkeka, chumba cha zahanati jioni ya siku moja kwa juma, mkunga mmoja, dakika 45. Wayaya na mabibi zao wakae mkeka mmoja kama watakubali; wasipokubali, iwe mikeka miwili. Na kisivunjwe mapema. Wale wanawake wa Norway waliulizwa tena baada ya miaka 15. Mikutano ilikuwa imekwisha zamani, wengi walikuwa wameacha kufanya mara kwa mara, na ile tofauti kubwa baina ya mafungu mawili ilikuwa imetoweka. Nusu ya wanawake, katika fungu hili na lile, walikuwa wamefanyiwa upasuaji. Kwa hiyo swali la juma la 6 liulizwe tena mtoto aletwapo kwa chanjo ya surua, mwezi wa 9, na tena mwezi wa 18, kabla mama hajashika mimba nyingine.